Nionyeshe Daftari la Mtoto

Hotuba kwa wanachuo wa ualimu wa mwaka wa mwisho, wakufunzi, na walimu wa shule zinazopokea wanachuo wa mazoezi, Mtwara

Ndugu Mgeni Rasmi, wakufunzi wenzangu, walimu wakuu na walimu wa taaluma mliotoka Mikindani, Naliendele na Nanguruwe, na ninyi mliopanda basi alfajiri kutoka Newala na Nachingwea, wanachuo wetu: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na kwa wote habari za asubuhi.

Mshereheshaji ameshaninong'oneza kwamba chai iko tayari. Naingia moja kwa moja.

Wanachuo, Jumatatu mnaripoti shuleni kwa mazoezi ya kufundisha. Mtakaa huko wiki kadhaa, na siku moja au mbili katika wiki hizo mkufunzi atakuja kuwatathmini. Habari za ujio wake zitamtangulia. Dereva atapiga simu kwa shemeji yake, shemeji atamwambia mwalimu wa zamu, na mkufunzi akishuka kwenye gari atakuta chati imebandikwa, ubao umefutwa kwa kitambaa chenye maji, na andalio la somo limepigwa mistari kwa rula. Somo lenyewe watoto walishafundishwa jana. Leo wanalirudia, na wanaonyoosha mikono ni wale wale wanne wa dawati la mbele.

"Mmeelewa?"

"Ndiyooo!"

Mkufunzi anajaza fomu. Utangulizi, alama. Zana, alama. Matumizi ya ubao, sauti, unadhifu, alama. Anamshauri kijana asisimame sehemu moja, anasaini, anawahi shule inayofuata kabla mvua haijakata njia. Na pale chini ya andalio, kwenye sehemu ya tathmini ya somo, kuna sentensi ambayo kila mtu humu ndani ameshaiandika au ameshaisoma: "Asilimia 80 ya wanafunzi wameelewa somo." Mnacheka kwa sababu mnajua iliandikwa saa ngapi. Iliandikwa jana usiku, pamoja na utangulizi.

Sisemi haya kuwasema wakufunzi. Mkufunzi mmoja, gari moja, shule zimetawanyika kutoka ufukweni mpaka juu ya uwanda wa Makonde, nyingine ziko Liwale ambako wakati wa masika barabara inaamua yenyewe. Atafanya nini? Shida yangu ni fomu. Ukiisoma yote, juu mpaka chini, inamhusu mwalimu: alivyovaa, alivyosimama, alivyoandika, alivyouliza. Mtoto hayumo. Mwanachuo anaweza kupata A ya mazoezi ya kufundisha bila mtu yeyote kujua kama kuna mtoto mmoja aliyetoka darasani na kitu kipya kichwani.

Hapa kusini tunajua kupima mali. Kule ghalani, kabla korosho hazijapelekwa mnadani, hakuna anayetoa daraja kwa kuangalia gunia lilivyoshonwa. Wanachukua sampuli, wanapasua korosho moja moja, wanaangalia kilichomo. Basi ombi langu la leo ni hilo: fomu yetu ipasue korosho. Nikija kukutathmini, usinipe andalio kwanza. Nionyeshe daftari la mtoto.

Wazo hili lina wenyewe, na wapo walioligeuza kuwa mtihani mzima wa kupata leseni. Niwaeleze walivyofanya, maana tutachukua baadhi na kuacha baadhi.

Marekani, jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 1998 iliyotaka anayetafuta cheti cha ualimu apimwe kwa kazi yake halisi ya kufundisha, siyo kwa karatasi ya maswali peke yake. Vyuo kadhaa vikaungana kutengeneza kipimo, Chuo Kikuu cha Stanford kikiwa mbele, na kutokana na kazi ile kikazaliwa kipimo kingine kilichoanza kutumika rasmi mwaka 2013 katika majimbo mengi. Kinaitwa edTPA. Mwanachuo anapanga mfululizo wa vipindi 3 hadi 5 vya mada moja. Anavifundisha na kujirekodi kwa video. Kipande anachowasilisha ni kifupi, dakika 15 au 20 kwa masomo mengi, na hairuhusiwi kukatakata na kuunganisha ili mabaya yasionekane. Kisha anawapima watoto, anachambua majibu ya darasa zima, halafu anachagua watoto 3 na kuwasilisha kazi zao pamoja na masahihisho aliyowaandikia. Katika kila hatua anaandika maelezo: kwa nini nilipanga hivi, kwa nini niliuliza swali lile, mtoto huyu amekwama wapi, kesho nitafanya nini. Kwa masomo mengi vigezo ni 15, kila kimoja kina alama 1 hadi 5, jumla 75. Kila jimbo linajiwekea alama yake ya kufaulu, na pendekezo la wataalamu lilikuwa isizidi 42.

Video ndiyo inayowavutia wengi, na nawaona vijana mmeanza kugusa simu zenu mifukoni. Mimi kilichonivutia ni wale watoto 3. Hebu tukae hapo kidogo.

Chukulieni darasa la 5, hisabati, kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Mwanachuo amefundisha vizuri, amekata karatasi vipande, ameimbisha, ameeleza kigawe kidogo cha shirika. Ametoa maswali 5. La kwanza ni nusu jumlisha theluthi, na la pili ni robo jumlisha sudusi. Tunachukua madaftari 3.

Daftari la kwanza: 1/2 + 1/3 = 5/6, na 1/4 + 1/6 = 5/12. Safi. Vema kwa wino mwekundu, tunaendelea.

Daftari la pili: 1/2 + 1/3 = 5/6. Vema. Lakini 1/4 + 1/6 = 2/10. Sasa huyu vipi? Swali la kwanza amepata na la pili amekosa, na hata namna ya kukosa haifanani na alivyopata. Geuza ukurasa wa nyuma. Nusu jumlisha theluthi ndiyo mfano ambao mwalimu aliufanya ubaoni. Mtoto hakuukokotoa, aliunakili. Alipofika kwenye swali ambalo halikuwa ubaoni akabaki na akili yake, akajumlisha kiasi na kiasi, asili na asili, yaani namba za juu peke yake na za chini peke yake. Kwa hiyo ile vema ya kwanza ilikuwa ya mwalimu mwenyewe, amejisahihisha kazi yake.

Daftari la tatu: 1/2 + 1/3 = 2/5. Robo jumlisha sudusi, 2/10. Maswali yote 5 amekosa, na yote kwa njia moja. Mwanachuo ameweka mikato mitano, na chini ameandika, "Ongeza bidii."

Bidii ya nini, jamani? Huyu mtoto ana bidii tayari, amefanya maswali yote na hakumtazamia mtu. Akiongeza bidii kesho atajumlisha asili na asili kwa kasi zaidi. Swali ambalo mwanachuo anatakiwa ajiulize ni wapi mtoto ametoa njia hiyo. Sasa angalieni jambo. Juu ya ukurasa huo huo kuna zoezi la wiki iliyopita. Sehemu A mtoto alipata 1 kati ya 2, mwalimu akaandika 1/2. Sehemu B akapata 1 kati ya 3, mwalimu akaandika 1/3. Na pembeni, ndani ya duara kubwa jekundu, mwalimu akajumlisha: 2/5.

Sisi ndio tumemfundisha. Kila siku, kwa wino mwekundu, kwa miaka 5. Kwa alama za mtihani ni halali, maana tunahesabu maswali aliyopata kati ya yote aliyoulizwa. Kwa vipande vya mkate mmoja ni kosa. Mtoto hajui tofauti hiyo kwa sababu hakuna aliyemwambia, na anayeweza kumwambia ni mwalimu aliyetulia na daftari lile akajiuliza. Angeanzia hapo kesho yake: amwulize mtoto, nusu mkate peke yake ni mkubwa au mdogo kuliko sehemu 2 kati ya 5? Mtoto akichora ataona kwamba ameongeza theluthi nzima na jibu limepungua chini ya ile nusu aliyoanza nayo. Hapo ndipo kufundisha kunaanza, wanachuo, na hapo ndipo ningependa kuwapa alama zenu nyingi kuliko kwenye chati.

Ndiyo maana kigezo nikipendacho kati ya vyote ni kile kinachouliza: baada ya kuona majibu haya, hatua yako inayofuata ni ipi, na kwa nini? Anayejibu "nitarudia somo" hajajibu. Kurudia lipi, kwa nani, kwa njia gani? Watoto wale 3 wanahitaji vitu vitatu tofauti. Na wote watatu walisema "Ndiyooo".

Sasa na yale yaliyowashinda wenzetu, maana nao hawakufika mbali kwa raha. Mwanachuo alilipa dola 300 kutoka mfukoni, na asipofaulu analipa tena kwa sehemu anayorudia. Kazi ilipelekwa kwa kampuni, Pearson, ikasahihishwa na mtu aliyefundishwa kusahihisha lakini hajawahi kukanyaga shule ile, hamjui mtoto, hajui kwamba darasa lile lina watoto waliohamia juzi. Vijana wakalalamika kwamba wiki za mazoezi wanazitumia kuandika kurasa za kumridhisha msahihishaji badala ya kukaa na watoto. Wazazi nao wakauliza video za watoto wao zinakwenda wapi. Ikaja korona, madarasa yakafungwa, huku shule zinalia uhaba wa walimu. Georgia ikaacha kuidai edTPA mwaka 2020, Washington 2021, New York 2022. Lakini New York haikusema basi, wanachuo wasipimwe. Ilirudisha kazi hiyo kwa vyuo vyenyewe, kila chuo kiweke kipimo chake cha utendaji ndani ya mafunzo.

Nikiyatazama hayo nikiwa hapa Mtwara, naona waliobomoa kipimo hawakukosea na waliokijenga hawakukosea. Ushahidi wa kazi ya mtoto ni kitu kizuri. Kumtoa msahihishaji mbali, kwa bei ile, ndiko kulikoharibu. Na sisi hatuna haja ya kumtoa mbali. Tunaye. Ni mwalimu mwenyeji, aliyekaa nyuma ya darasa wiki zote, anayemjua yule mtoto wa daftari la tatu na bibi yake. Mpaka leo mwalimu huyu tunamtumia kupokea mgeni na kumwonyesha ofisi. Alama anayotoa, ikiwa anatoa, haina uzito. Mimi nasema kauli yake kuhusu madaftari yale 3 iwe na uzito sawa na wa mkufunzi aliyekuja siku moja. Najua kuna wenzangu hapa wataniambia walimu wenyeji watawapendelea vijana kwa sababu wamewasaidia kazi muhula mzima. Inawezekana. Ndiyo sababu anayetoa alama lazima aweke daftari mezani. Kupendelea ni rahisi ukiwa unapima tabasamu. Mbele ya 2/5 ni vigumu kidogo.

Na msidhani hili la kupimwa ukiwa kazini ni geni kwetu. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, nchi ilipoamua kila mtoto aende shule na vyuo havikuweza kutoa walimu wa kutosha, tulichukua vijana waliomaliza darasa la 7 tukawaweka vijijini wafundishe huku wanajifunza, kwa masomo ya posta, kwa redio, na kwa waratibu waliowatembelea. Zaidi ya 35,000 walihitimu kwa njia hiyo. Watu waliwabeza walimu hao wa UPE, yaani mpango wa elimu ya msingi kwa wote, na miaka ya baadaye wakawabeza wale wa mafunzo ya muda mfupi waliopewa jina la voda fasta, na mara nyingine walistahili kubezwa. Lakini kanuni ilikuwa na maana: mwalimu anapimwa mbele ya watoto, kwa muda mrefu, na mtu anayefika. Kilichokosekana ni huo ushahidi ninaousema. Mratibu alikuja akaangalia mwalimu, akaondoka.

Leo hali imebadilika. Sheria ya Bodi ya Kitaalamu ya Walimu ya mwaka 2018 ilileta suala la kusajiliwa na kupewa leseni. Anayeomba ajira ya ualimu serikalini siku hizi anapita kwenye usaili wa Sekretarieti ya Ajira. Sina ugomvi na usaili, lakini chumba cha usaili hakina mtoto, na karatasi ya usaili haina mtoto. Mtaala tumeuandika wa umahiri tangu 2005, tumeuhuisha tena mwaka 2023, tunawaambia walimu wasimpime mwanafunzi kwa kukariri, wampime kwa anachoweza kufanya. Halafu mwalimu mwenyewe tunampima kwa kukariri. Siku wanaohusika na leseni wakituuliza wapime nini, ningependa kanda hii ya kusini iwe na mabunda ya ushahidi wa kuonyesha.

Nimesikia hoja kwamba darasa lina watoto 90, nani atachambua madaftari 90? Hakuna. Unasahihisha kama kawaida, unayapanga mafungu kwa aina ya kosa, siyo kwa alama, kisha unatoa moja kila fungu. Mkishazoea, kazi hiyo mtaifanya mkinywa chai ya saa 4. Hoja ya korosho ni nzito zaidi. Msimu ukiingia, kuanzia Oktoba, kuna siku nusu ya darasa iko shambani inaokota, na daftari la mtoto aliyekosa vipindi 3 haliwezi kumhukumu mwanachuo. Sawa. Basi mwanachuo aambatishe mahudhurio, na aandike alimfanyia nini mtoto aliyerudi. Hilo nalo ni kufundisha, na kwa shule zetu pengine ndilo zito kuliko yote.

Kuhusu simu. Mnaotaka kujirekodi, jirekodini, inasaidia sana kujiona ukiuliza swali na kulijibu mwenyewe kabla mtoto hajafungua mdomo. Lakini tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na taarifa za mtoto kwa sheria hiyo ni nyeti. Simu ielekee kwa mwalimu na ubao, siyo nyuso za watoto. Mwalimu mkuu ajue, mzazi aridhie kwa maandishi. Na nikimkuta mwanachuo ameweka darasa la watu kwenye status yake ya WhatsApp na wimbo juu yake, huyo atarudi chuoni kabla ya gari langu.

Kwa hiyo, pamoja na fomu ya kawaida ambayo bado ipo na itajazwa, mwezi huu tunajaribu jambo la ziada, na uongozi wa chuo umeridhia. Kila mwanachuo atachagua mada moja ya vipindi 3 vinavyofuatana. Mwisho wake ataweka nakala za kurasa za watoto 3, majina yakiwa yamefunikwa, pamoja na maelezo ya kurasa 2 kwa mkono, siyo zaidi, maana sitaki riwaya. Kila mtoto amekwama wapi, umejuaje, siku iliyofuata ulifanya nini, na kikatokea nini. Mwalimu mwenyeji atasoma na kuandika maoni yake kabla yangu, na nikifika tutakaa watatu: yeye, mimi na wewe, madaftari halisi yakiwa mezani. Madaftari hayatoki shuleni. Mtoto asije akakosa pa kuandikia kwa sababu ya tathmini yako.

Mwalimu kutoka Nachingwea ameniuliza pale nje kuhusu shule ambazo hazina fotokopi. Pigeni picha ukurasa, au nakilini kwa mkono, kosa likiwa kama lilivyo. Msilirekebishe! Kuna watu wana huruma, wananakili kosa wakilinyoosha.

Nakala za mwongozo ziko kwa mkufunzi wa mazoezi ya kufundisha, mtazichukua baada ya chai pamoja na barua za shule. Waliopangiwa Liwale waanze wao, gari lao linaondoka kesho alfajiri.